Utingo Mwenye Mvi na Nyumba ya Magurudumu

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kuosha chombo chochote chenye magurudumu, hata baiskeli, tutaelewana upesi. Kama hujawahi, usiwe na wasiwasi. Nitakwenda polepole, na pale panapohitaji maelezo nitaeleza, maana mtu ninayetaka kukuonyesha hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa chakula.

Alikuwa utingo. Kwa kawaida utingo ni kijana. Ananing'inia nyuma ya lori, anapakia magunia, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu gari linaposimama mlimani. Utingo wetu alikuwa na mvi. Mimi dereva wake alinizidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini, na madereva wa Iringa mjini hawakutuacha tupite hivihivi.

"Dereva! Huyo ni utingo au ni baba mkwe wako?"

Mimi nilikuwa naona aibu. Yeye alishuka taratibu, akaweka jiwe lake nyuma ya gurudumu, ndipo akajibu. "Ni mkwe wangu, ndiyo. Nimefuatana naye nione kama anajua kubadili gia, kabla sijamkabidhi binti yangu. Mpaka sasa binti yuko nyumbani."

Walicheka mpaka wakapaliwa. Tangu siku hiyo nilikuwa namwita Mzee, na yeye akiniita Dereva wangu. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini kila mtu barabarani alimwita Utingo, na mwenyewe aliitikia kama mtu anayeitwa kwa cheo.

Sasa nikueleze gari lenyewe. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na barabara ya kutoka Iringa kwenda Mbeya ilikuwa udongo mtupu. Misheni ilikuwa na lori ambalo mgongoni halikubeba mizigo, lilibeba nyumba. Nyumba kweli, ya kiunzi cha mbao kilichofunikwa kwa plaiwudi, nyeupe juu na kijani chini, yenye madirisha mawili kila upande na ngazi ya kukunja nyuma. Paa lilikuwa la mbao, limevikwa turubai lililokazwa na kupakwa rangi nzito. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko dogo, meza na kabati la dawa. Humo aliishi Sista, muuguzi wa macho, wiki sita kwa safari moja. Mimi na Utingo tulilala hemani.

Watu wengi hudhani kazi ngumu ya gari kama lile ni injini. Injini ikifa, unasikia. Ukuta unapokufa husikii kitu. Maji yanaingia kwenye ufa mwembamba kama uzi, yanakaa kati ya plaiwudi na kiunzi, na nje rangi inaendelea kung'aa. Siku moja unaegemea ukuta, mkono unazama. Utingo alikuwa akisema, "Maji hayana adabu, Dereva wangu. Yanaingia bila hodi na hayaagi." Kwa hiyo kazi yake yote, ukiitazama vizuri, ilikuwa kusimama mlangoni na kuyazuia.

Safari yangu ya kwanza nilimkosea. Tulikuwa tumefika Mbeya kutoka Tukuyu, gari limejaa vumbi, nami nikataka nionekane dereva msafi. Nikachukua kitambaa kikavu nikaanza kufuta ubavuni kwa nguvu. Akanishika kiganja.

"Dereva, kwa nini unalipiga msasa gari la Sista?"

"Nafuta vumbi, Mzee."

"Lete kidole gumba." Akachota vumbi kidogo kwenye ukingo wa dirisha, akaliweka juu ya ukucha wangu, akaniambia nisugue kwa kidole kingine. Nikasugua. "Pangusa, tazama." Ukucha ulikuwa umejaa mikwaruzo midogo kama uso wa kiberiti.

Ndipo akanieleza kuhusu mavumbi. La Iringa ni jekundu na laini. Likipata umande linaganda na kuacha doa. La Mbeya, hasa ukipita Uyole kwenda milimani, ni la kijivu cheusi, na lina chembe za yale mawe mepesi ya volkano ambayo akina mama husugulia visigino. Fikiri mwenyewe: jiwe linaloweza kukwangua kisigino cha mkulima litaiachaje rangi? La Iringa unaliwahi kabla halijaganda. La Mbeya huligusi mpaka limelowa. Maji kwanza, mengi, yamwagwe kutoka paani yateremke yenyewe. Mkono baadaye.

Alikuwa na ndoo mbili, na ole wako uzichanganye. Moja ilikuwa ya sabuni, yaani sabuni ya mche iliyokwanguliwa kwa kisu na kuyeyushwa katika maji vuguvugu. Ya pili ilikuwa ya maji matupu. Kitambaa, ambacho kilikuwa kipande cha blanketi kuukuu la hospitali, kilisuuzwa kwanza katika ndoo ya maji matupu, mchanga ukabaki humo, ndipo kikarudi kwenye sabuni. Magadi hakuyataka hata kuyasikia. Alisema yanakula rangi. Chini ya jua la saa sita hakuosha gari. Kinyesi cha ndege hakukikwangua, alilaza kitambaa kilicholowa juu yake akaenda kunywa chai, na aliporudi kilitoka kama kilivyoombwa.

Juu ya paa alipanda peku, akatembea pale tu ambapo chini yake mna boriti. Alizijua kwa nyayo. Wakati mwingine alilala kifudifudi, shavu juu ya turubai, akiangalia kama kuna mahali pamebonyea panapoweza kutuama maji. Mara moja mchungaji mmoja alimkuta hivyo akadhani ameanguka.

"Utingo, umeumia?"

"Hapana, Mchungaji. Nasoma."

Hata hivyo usimfanye malaika. Kanisani alilala usingizi mahubiri yalipoanza, akaamka kwa wimbo na kuimba besi kwa nguvu kuliko wote. Alikula kwa kasi hata Sista akamwuliza kama kuna mtu anamfukuza. Na jambo moja lilinishangaza: hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ile. Alifika ngazi ya mwisho, akapokea kikombe chake, akageuka. "Ndani ni kwa Sista na macho ya watu," alisema. "Mimi kwangu ni nje."

Tena nilipofika kwake mara moja, kule upande wa Tukuyu ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, mkewe alinipokea vizuri, akanipa ndizi za kupika, kisha akasogeza sufuria katikati ya chumba. Tone likaanguka ndani yake. Ti.

"Unasikia, baba?" akaniambia. "Gari la watu halivuji. La mume wangu ni hili."

Utingo alitazama sufuria kwa makini. "Linavuja mahali pamoja tu," akasema.

"Kwa sababu sufuria ninayo moja tu!" mkewe akamjibu, na wote watatu tukacheka, tone likiendelea.

Lakini nilitaka kukusimulia habari ya barua, maana hapo ndipo utamjua.

Barua ilitoka makao makuu ya misheni. Ilisema gari limezeeka, na mvua za masika zikiisha mkaguzi atatungoja Mbeya. Ataikagua bodi yote, yaani ile nyumba ya mgongoni. Akikuta mbao zimeoza, bodi itashushwa, na lori litatumwa kubeba mbao. Sista alitusomea akiwa amekaa kwenye ngazi. Alipomaliza aliikunja mara nne.

Ili uone uzito wake, lazima nikueleze ugonjwa. Kulikuwa na wazee wengi, hasa wa bondeni, ambao macho yaliwauma tangu utoto mpaka ngozi inayofunika jicho ikageuka, kope zikaelekea ndani. Kila mara mtu anapopepesa, kope zinakwaruza mboni. Sista alizing'oa moja moja kwa kibano. Mgonjwa alipata nafuu papo hapo, wengine walilia kwa furaha. Ila kope huota tena. Baada ya wiki kadhaa Sista asiporudi, mkwaruzo unarudi, na mkwaruzo wa kutosha unaleta upofu. Kwa hiyo gari lile likisimama, kuna watu ambao tungeweza kuwataja, mmoja mmoja, ambao wasingeona tena.

Mmoja wao alikuwa bibi wa Madibira. Mdogo, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Safari hiyo tulifika kwake Pasaka imepita kwa wiki moja, na mvua zimeanza kupungua. Zilikuwa zimebaki siku tano tukutane na mkaguzi. Utingo alikuwa ameipitia bodi yote: ilikuwa kavu, ngumu, tayari. Tukaliacha gari kwenye uwanja wa kanisa, tukamsindikiza Sista kwa miguu, tumebeba dawa, kwenda kumwona mgonjwa asiyeweza kutembea.

Tuliporudi alasiri nilisimama ghafla.

Bibi na akina mama kama kumi walikuwa wamelizunguka gari, mikono yao myekundu mpaka kwenye viwiko. Unajua desturi: kabla ya Pasaka nyumba husiribwa upya, nyufa zinazibwa kwa udongo uliokandwa na samadi ya ng'ombe. Udongo wao ulikuwa umebaki. Wakaona nyumba ya Sista ina mistari pale plaiwudi zinapokutana, wakasikitika kwamba mtu mwema hivyo analala katika nyumba yenye nyufa, na nyumba nzima wakaipiga udongo kwenye kila kiungo. Wakaibandika vizuri, kwa vidole, kama mtu anayependa. Kisha ikapita manyunyu, na udongo ukanywa maji.

"Kamwene, Mzee!" Bibi akamsalimu Utingo. "Mbona mnaitazama kama msiba? Njoo uone."

Nilifungua mdomo. Utingo akanikanyaga mguu. Akaenda akampa kila mama mkono, wote kumi. "Ndaga, mama. Ndaga fijo. Mmefanya kazi," akawashukuru kwa lugha ya kwao Tukuyu. Wakatuandalia ugali na mlenda, akakaa akala. Siku hiyo alikula polepole. Hapo nikaogopa kweli.

Alipomaliza akasema, "Mama, nikikuambia jambo, utanikasirikia?"

"Nina macho mabovu, masikio mazima. Sema."

"Udongo wako ni mzuri kwa ukuta wa udongo. Hao ni ndugu. Jua likiwaka wanatoa maji pamoja. Ubao siyo ndugu yao. Ubao ukiuvisha udongo, umeuvisha nguo mbichi. Haukauki ndani. Unaoza."

Akamweleza na habari ya mkaguzi, bila kuficha. Bibi akafuta mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo nimeliua gari linalonitoa kope."

"Bado," Utingo akasema. "Tuna siku mbili za hapa na tatu za barabara. Inuka, mama, tufanye kazi."

Sijaona kazi kama ile. Hakuruhusu mtu kukwangua. Alilaza vitambaa vya maji vuguvugu juu ya kila mstari wa udongo, akangoja ulainike, akautoa kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini, kipande kwa kipande, mpaka giza lilipotuzuia. Asubuhi tukaona hasara: udongo ulipotoka, upande wa mvua, ulikuwa umeng'oa na paki, lile tope gumu la chokaa na mafuta linaloziba viungo. Kiungo kizima kilikuwa wazi, na ubao ndani umelowa. Kopo letu la paki lilikuwa tupu.

"Kwanza ukauke," Utingo akasema. "Ukiziba ubao uliolowa umefungia mwizi ndani ya nyumba."

Jua lilikuwa dogo. Basi Bibi akapiga ukelele, na wale akina mama wakaja na nyungo zao za kupepetea mpunga. Wakajipanga kandokando ya lori, wakalipepea. Hebu fikiri: wanawake kumi wanapepea lori, wanaimba, Sista amekaa chini ya mwavuli anang'oa kope za mtu, na Utingo anapita kila mara anagusa kiungo kwa mgongo wa mkono. Mtu aliyepita na baiskeli alituuliza kama gari lina homa.

"Lina homa," Bibi akamjibu, "shuka upepee au pita."

Akashuka.

Mchana ubao ulikauka. Tukabaki na kiungo kilicho wazi na hatuna cha kuzibia. Bibi ndiye aliyesema, "Mbona mzinga wetu wa nyuki ukipasuka tunauziba kwa nta? Mvua inanyesha porini mwaka mzima na asali hailowi."

"Jua la barabarani litaiyeyusha," nikasema.

Utingo alikuwa ameshamgeukia mwalimu wa shule ya kanisa, aliyekuja kututazama. "Mwalimu, una chaki zilizovunjika?"

Wakatwanga chaki kwenye kinu mpaka ikawa unga. Nta wakaiweka ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji juu ya moto, maana nta ikiguswa na moto wenyewe inawaka. Ilipoyeyuka Utingo akaikoroga na unga wa chaki mpaka ikawa nzito kama ugali wa mtoto, isiweze kutiririka hata jua likiwaka. Akaikandamiza kwenye kiungo kwa kijiti cha mwanzi ingali ya moto, Bibi akimfuata nyuma kulainisha kwa kidole alichokilowesha maji. Macho yake hayakuona vizuri, lakini kidole kile kilikuwa kimesiriba nyumba kwa miaka hamsini. Pale alipopita, hukuona kiungo.

Siku tatu za barabara zilitunyeshea zote. Igawa, Chimala, mpaka tukapanda Mbeya. Kila tuliposimama Utingo alishuka, akaweka jiwe, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye bisibisi mkononi. Kwenye uwanja wa misheni walikuwa wamekusanyika wauguzi, walimu, na madereva wa malori waliosikia habari wakaja kucheka.

"Nitapitia pembe zote kwa hii," mkaguzi akasema, akaonyesha bisibisi. "Ikizama mahali, bodi inashuka leo."

"Sawa, Bwana," Utingo akasema. "Lakini kwanza ninaomba tulimwagie maji."

"Maji?"

"Mengi. Na Sista atandaze unga ndani."

Sista akaelewa mara moja, uso wake ukafunguka. Akatandaza unga wa sembe juu ya meza, kitandani, sakafuni chini ya kuta, mweupe, laini, bila alama. Tone moja tu lingeonekana kama nyayo. Mlango ukafungwa. Madereva waliokuja kucheka wakapewa madebe. Debe la kwanza, la pili, la kumi. Utingo alisimama juu ya paa, peku, akipokea na kumwaga, akielekeza maji makusudi kwenye kiungo cha Madibira. Madebe thelathini. Maji yaliteremka kwenye kuta yakaenda zake.

Mkaguzi akaingia ndani peke yake. Tuliokuwa nje hatukusikia kitu. Nilihesabu misumari ya ngazi. Akatoka akiwa na unga kwenye magoti na kwenye ncha ya pua.

"Mkavu," akasema.

Kisha akatwaa bisibisi, akaizunguka bodi. Ko, ko, ko. Kila pembe ililia kama mlango wa ofisi unaogongwa. Kwenye kiungo chetu akasimama, akabonyeza, akanusa.

"Hii si paki. Ni nini?"

"Nta ya nyuki na chaki, Bwana. Ya Madibira."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi mmoja. Ukitaka kumwuliza, lazima gari lifike kwake."

Mkaguzi akaiweka bisibisi mfukoni. "Basi lifike," akasema.

Sijui nani alianza, ila madereva wale wale walimbeba Utingo mabegani, wakamzungusha uwanja mzima wakiimba, naye akipiga kelele, "Niwekeni chini! Mna mikono ya grisi! Msiguse bodi!" Sista alilia waziwazi. Na unga ule wote ukakusanywa, ukachekechwa, ukapikwa ugali mkubwa kuliko wote nilioona Mbeya. Mkaguzi alikula nasi. Utingo alimaliza kabla yake.

Miaka mitatu baadaye mimi sikuwa tena na misheni. Nilikuwa naendesha lori jipya la kiwanda cha mbao, Mafinga, kichwa chake chekundu kinang'aa. Nikiwa nimesimama kando ya barabara nikaliona gari-nyumba linakuja kutoka Madibira. Jeupe juu, kijani chini. Likasimama. Utingo akashuka, mvi zimeenea kichwa chote, na nyuma yake wakashuka matingo wawili wa malori mengine aliokuwa anawafundisha. Akaniambia Bibi anaona, anawatambua wajukuu wake kwa mbali, na bado anaamrisha.

Nikataka asifu lori langu. Nilikuwa nimeliosha asubuhi ile kwa ndoo mbili, kwa kitambaa laini, nikalipaka nta. Alilizunguka. Kisha akapiga magoti kwenye nyasi, akachuma ubua mkavu, akaupenyeza chini ya mlango wangu. Maji machafu, mekundu, yakamwagika mchangani, mengi kuliko nilivyoweza kuyaeleza.

"Juu umeosha vizuri sana, Dereva wangu," akasema, akinishika bega ili asimame. "Sasa una kitu kimoja tu cha kuongeza."

Nami nakupa wewe. Ukimaliza kuosha gari lako, fungua mlango, inama, tafuta vitundu vidogo kwenye ukingo wake wa chini, uvizibue kwa ubua mpaka maji yatoke, kisha uache mlango wazi kivulini mpaka ukingo ule ukauke.